Kiyoyozi cha boti kilichojaa makombe: uzoefu wangu na Barnacle Buster

"Kijana, wageni wanatoka jasho ndani kuliko nje. Haya mafuta ya jenereta naunguza ya nini?"

Ndivyo alivyoniuliza mzee mwenye boti, Ijumaa moja ya Septemba, tumefunga gatini Muscat tumetoka kuwatembeza watalii visiwa vya Daymaniyat. Yeye kazaliwa Ng'ambo, Unguja, kaja Oman mtu mzima, na Kiswahili chake hakijapungua hata chembe. Mimi Mpemba, huu mwaka wa sita naangalia mashine za boti yake ya futi 42. Nikamwambia, "Nipe siku mbili, mzee." Zikawa kumi na moja.

Kwa asiyewahi kufungua kiyoyozi cha boti: si kama cha nyumbani. Cha nyumbani kinapuliza joto nje kwa feni, cha boti kinalitupa baharini. Maji ya chumvi yanaingia kwa koki iliyo chini ya boti, yanapita kwenye chujio, pampu inayasukuma mpaka kwenye koili ya kondensa, yanachukua joto la gesi, kisha yanatoka ubavuni kwa kitundu kidogo kinachotiririka muda wote kama mtoto anakojoa. Maji yakiwa haba, joto halina pa kwenda. Presha ya gesi inapanda mpaka mashine inajizima yenyewe kujiokoa. Kwenye kioo chetu cha kuwashia zinatokea herufi HPF, yaani presha imezidi. Unazima, unawasha, inakwenda dakika kumi, HPF tena.

Sababu niliijua, na kwa kweli kosa ni langu. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti wageni ni wachache, joto la mchana linafika nyuzi 45, boti imelala gatini. Mimi nilikwenda Pemba likizo na kiyoyozi hakikuwashwa hata siku moja. Maji ya bahari yakakaa kwenye mipira ya kupitishia maji, ya moto, gizani, hayaendi wala hayarudi. Hapo ndipo wanapopapenda wale viumbe wenye ganda la chokaa kama vikombe vidogo vilivyopinduliwa, wale ambao kwetu wanakuchana nyayo ukienda pwani bila viatu. Sisi tunayaita makombe, basi nitaendelea hivyo hivyo. Kiumbe akiwa mchanga ni mdogo kuliko tundu la chujio, anapita bila kubisha hodi, anajibandika ndani ya mpira, anaanza kujenga. Akifa, ganda linabaki palepale, na mwenzake anajenga juu yake.

Wazee wetu walipaka jahazi deheni, yale mafuta ya vyombo, chini kote ili lisiliwe wala lisiote kitu, na sisi leo tunapaka rangi ya sumu kila mwaka kwa kazi ileile. Lakini deheni na rangi ni za nje. Nani anapaka ndani ya mpira wa inchi moja?

Kabla ya kununua dawa yoyote nilifanya ujinga wa kuita watu. Kampuni sitaitaja. Walikuja vijana wawili na dumu lisilo na karatasi, wakafungua chujio, wakamimina, wakawasha pampu yetu wenyewe, dakika arobaini wakasema tayari. Riali 60. Harufu ilinipiga puani nikaijua: asidi ya kuoshea vigae, ile ya haidrokloriki. Kiyoyozi kikaenda vizuri siku nne tu. Siku ya tano HPF, na klampu zangu za kubania mipira, za chuma kisichoshika kutu, zimeota vidonda vya kahawia pale zilipodondokewa. Kiungo kimoja kikawa kinavuja taratibu, maji yanateremkia ngamani, kule chini kabisa ndani ya boti. Asidi ile inayeyusha chokaa, sikatai, tena haraka. Lakini inakula na chuma, na koili ya kondensa ni shaba iliyochanganywa na nikeli, ukuta wake mwembamba. Ikitoboka pale, maji ya chumvi yanaingia kwenye gesi, na hapo hununui koili, unanunua mashine nzima.

Ndiyo nikaagiza Barnacle Buster, dawa ya kuyeyusha makombe, kwa jamaa aliyekuwa anakuja kutoka Dubai. Galoni moja ya ile nzito, isiyochanganywa, ikanifikia kwa riali 36, karibu dola 94. Mzee aliponiona nimeshika dumu moja kwa bei hiyo alisema, "Hii dawa au uturi?" Ni asidi pia, ila ya fosfori. Inakula chokaa polepole, na chuma inakiachia nafasi ya kupumua, mradi usiisahau ndani.

Kabla ya dawa, nilipima. Hili nilifundishwa na fundi friji mmoja wa Kihindi, na mpaka leo ndilo naliamini kuliko kitu chochote. Kinga ndoo ya lita 10 chini ya kile kitundu cha ubavuni, ushike saa. Kiyoyozi chetu ni cha BTU 16,000, ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza, nacho kinataka kiasi cha lita 15 kwa dakika, yaani ndoo ijae kwa sekunde 40. Yetu ilijaa kwa dakika moja na sekunde 52. Sikuhitaji mtu aniambie tena.

Nikafunga koki ya chini. Naandika hivi kwa wale wenye haraka: koki ya chini kwanza, ndipo ufungue klampu, la sivyo bahari inaingia kukusaidia. Nikazima umeme wa kiyoyozi kabisa, nikavua mpira kati ya koki na chujio, nikauinamisha kwenye ndoo nikaubinya kwa mikono miwili. Ulilia ndani kama mfuko wa chumvi ya mawe. Vikatoka vipande, vingine vina makali, vingine vimeshikana vitatu vitatu, na maji meusi yananuka yai viza. Nikachungulia kwa tochi: tundu la inchi moja limebaki la kupitisha kidole kidogo. Wale vijana wa riali 60 walimimina asidi yao kwenye chujio, mbele ya mpira huu. Huku nyuma haikufika hata tone.

Mpira nikautupa, nikakata mpya. Koki yenyewe nikaikwangua siku ya pili, nimepiga mbizi na bisibisi ndefu, kwa nje, ikiwa imefungwa. Kisha nikapima tena. Sekunde 58.

Hapa ndipo naomba mtu anielewe, maana watu wakisoma habari za dawa wanasahau. Kuanzia dakika moja na sekunde 52 mpaka sekunde 58, dawa haijaingia bado. Ni bisibisi na mpira mpya. Ningemimina galoni nzima kwenye njia iliyoziba kiasi kile, ingezungukia pale penye nafasi tu, na mimi ningekuja hapa kuandika kwamba dawa ni mbovu.

Sasa dawa. Nilichanganya lita 2 na lita 8 za maji matamu kwenye ndoo, nikatumbukiza pampu ndogo ya kutolea maji ya ngamani, ile ya volti 12. Mpira wa pampu nikauunga kwenye tundu la kutokea la kondensa, na lile la kuingilia nikalirudisha ndooni, ili dawa ipite kinyumenyume. Pampu yenyewe ya kiyoyozi nikaipitisha baadaye peke yake. Mwisho wa mpira unaorudi nikaufunga chujio la chai, la mke wangu, bado hajui limekwenda wapi.

Dakika mbili za mwanzo, kimya. Ya tatu nikasikia kama mtu amefungua soda ndani ya kabati. Povu jeupe likapanda mpaka mdomo wa ndoo, nikaogopa litamwagikia kwenye zulia la sebule ya boti, nikapunguza mwendo wa pampu. Ile ni chokaa inayoyeyuka na kutoa hewa. Katika chujio la chai vikaanza kudondoka vigae vyembamba kama magamba ya changu, kisha mchanga, kisha tope la kijivu. Nikakaa chini nikalitazama chujio hilo kwa saa nzima kama mtu anayetazama televisheni. Kila vikijaa namwaga, narudisha.

Niliiacha izunguke kwa muda wa saa nne. Saa ya tatu povu lilikuwa limekwisha, na nilikuwa na karatasi za kupimia asidi, zilionyesha dawa bado ina nguvu. Maana yake si dawa iliyochoka, ni chokaa iliyokwisha. Hili ni muhimu: povu likikatika na karatasi inasema asidi imeisha, ongeza dawa, hujamaliza kazi.

Kisha nikapitisha maji matamu ndoo tatu. Ile iliyotumika sikuimwaga gatini. Siku zote tunawapeleka watu Daymaniyat kutazama kasa na matumbawe, hifadhi tangu 1996, halafu niimwage asidi kwenye maji yaleyale? Nikaitia magadi kidogo kidogo mpaka ikaacha kuchemka, nikaipeleka kwenye pipa la taka za mafuta. Na jambo moja la hatari: kuna watu husafisha kwanza kwa dawa ya klorini ili kuua ukoga, kisha wanatia asidi. Usithubutu. Zikikutana ndani ya kabati la boti, hewa inayotoka ni sumu, na kabati la boti halina dirisha.

Ndoo baada ya kila kitu: sekunde 37. Hewa inayotoka kwenye kinywa cha kiyoyozi ilikuwa baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 10, kabla ya hapo ilikuwa nyuzi 4. HPF sijaiona mpaka leo, na huu ni mwezi wa nane tangu siku ile.

Sasa malalamiko, maana si sifa tupu. Bei inauma, na hapa Muscat sikuiona dukani, niliitegemea safari ya mtu. Ukoga laini, ule utelezi wa kijani na mwani uliooza, haiuondoi vizuri. Asidi inakula chokaa, utelezi unautikisa tu, na kwenye kikombe cha chujio nililazimika kusugua kwa brashi. Tena ni ya polepole. Mwenye wageni saa nane mchana asianze saa nne asubuhi. Na glavu ni lazima: tone moja lilinipata kwenye mchubuko wa kidole nikakumbuka jina la mama yangu.

Nilijaribu na siki pia, miaka ya nyuma, kwenye boti nyingine. Inafanya kazi kama una makombe machache na usiku mzima wa kusubiri. Kwa koili iliyoshikamana kama yetu, utanunua siki mpaka mwenye duka akuulize una harusi gani.

Siku hizi nawasha kiyoyozi nusu saa kila baada ya siku mbili hata kama hatutoki. Nikisafiri zaidi ya wiki, nafunga koki, najaza njia nzima maji matamu. Mwezi wa kwanza baada ya dawa ndoo ilikuwa sekunde 37, juzi ilikuwa 41. Ikifika 50 nitaitoa tena dawa. Kwenye dumu zimebaki kama lita moja na nusu na kitu, nimelificha chini ya kitanda cha omo, kule mbele ya boti.

Nimelificha kwa sababu mzee kaliulizia mara mbili. Birika lake la chai limeota chokaa ndani, anataka kulijaribu. Nimemwambia, "Mzee wangu, birika tia ndimu." Amenuna, lakini ndimu ametia.