Vitako vya Mashine za Vita Zenye Miguu: Kipi Ununue Ukiwa Dodoma

Katika michezo ya vita ya mezani, hakuna sanamu inayoanguka kwa urahisi kama mashine kubwa yenye miguu miwili, kwa sababu uzito wake mwingi uko kiunoni na mabegani ilhali nyayo zake ni finyu. Kitako chake, yaani kibao bapa ambacho sanamu husimamishwa juu yake, basi huchaguliwa kwa uzito na ukakamavu kwanza, urembo hufuata.

Kabla hujatoa fedha, jua kipimo. Katika Warhammer 40,000, mmoja wa michezo hiyo, umbali hupimwa kutoka ukingo wa kitako, na Imperial Knight, mashine yake kubwa yenye miguu miwili, hutoka kiwandani na kitako cha duaradufu cha milimita 170 kwa 109. Ukikibadilisha ukubwa, mpinzani wako ana haki ya kulalamika. Mwenye kitako hicho cha plastiki asinunue kingine, bali agundishe washa chache za chuma (zile pete bapa za kuwekwa chini ya nati) katika uvungu wake.

Kwa aliyenunua sanamu iliyotumika, isiyo na kitako, nafasi ya kwanza naipa plaiwudi ya milimita 6. Waulize maseremala mabaki yao, mpe fundi kiolezo cha karatasi akate, kisha umalizie ukingo mwenyewe kwa msasa. Plaiwudi hushika pini vizuri: toboa unyayo na kitako kwa keekee, pitisha kipande cha spoku ya baiskeli, ukikazie kwa gundi ya epoksi, kwani gundi ya haraka peke yake huachia sanamu inapogongwa.

MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni ya pili. Ukingo wake hutoka laini zaidi, lakini hunywa maji, na ukiipaka gundi ya maji upande mmoja ili kushikisha mchanga, hupinda. Kosa hilo nililifanya, nikabaki na kitako chenye umbo la ungo. Ipake vanishi pande zote mbili kwanza.

Ya tatu ni akriliki, plastiki ngumu ya bapa, ya milimita 3, ambayo huuliziwa kwa watengeneza mabango. Hainywi maji, ila ikwaruze kwa msasa ili gundi ishike. Kigae cha sakafu kina uzito wa kuridhisha, lakini kikidondoka hupasuka, na kukikata duaradufu ni adhabu. CD kuukuu, yenye kipenyo cha milimita 120, ni nyepesi mno kwa jitu.

Mapambo ya juu ya kitako usinunue kabisa. Chukua mchanga mwekundu na vipande vya itale vya hapa hapa Dodoma, uchekeche kwa chujio la chai, uuoshe na kuuanika, maana vumbi likibaki gundi haishiki.