Uzamili Uppsala, Uswidi: uzoefu wangu kwa anayefikiria kuomba

Nilisoma shahada ya uzamili ya amani na migogoro katika Chuo Kikuu cha Uppsala, baada ya kumaliza shahada ya kwanza Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wanaoniuliza habari za kule huanza na baridi. Mimi naanza na darasa, maana darasa ndilo ningelifuata tena hata kesho.

Kule hulundikiwi kozi sita kwa mpigo. Muhula una kredi 30, na mara nyingi unasoma kozi moja ya kredi 7.5 kwa wiki tano hivi, unaandika insha au unafanya mtihani, ndipo unaingia nyingine. Vipindi ni vichache, na wiki nyingine unakwenda darasani mara mbili tatu tu. Usidanganyike ukadhani ni likizo. Kila semina ina rundo lake la makala, na hakuna desa, yaani notsi za kukariri, la kukuokoa, kwa sababu mhadhiri hakuulizi makala inasema nini. Anakuuliza mwandishi amethibitishaje, na wewe unaonaje. Ukikaa kimya kwa adabu zetu za kumwachia mkubwa aseme, wenzako wanachukulia kwamba hukusoma. Wahadhiri wote, hata profesa mwenye mvi, wanaitwa kwa jina la kwanza. Hilo lilinichukua muda mrefu kulizoea.

Idara niliyosoma ndiyo makao ya UCDP, mradi unaokusanya takwimu za migogoro ya dunia nzima, na ukifungua makala nyingi za fani hii utakuta zimetegemea takwimu hizo. Kanuni yao ni kwamba mapigano kati ya serikali na kundi lenye silaha huhesabiwa kuwa mgogoro pale vifo vya mapigano vinapofika 25 ndani ya mwaka. Vikifika 1,000, ni vita. Sasa mimi ni mtoto wa Kasulu, mkoani Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita, naijua tangu utotoni, na watu wake tulikutana nao sokoni. Siku tuliyojadili kanuni ile, niliuliza: mama aliyekimbia risasi akafa kwa kipindupindu njiani, anaandikwa wapi? Jibu ni kwamba katika hesabu ya vifo vya mapigano hayumo. Darasa zima lilinigeukia. Mwenzetu wa Colombia akaleta mfano wa kwao, mjadala ukachukua kipindi chote kilichobaki, na mhadhiri akanitaka insha yangu ya kozi niiandike juu ya swali hilo.

Insha ilirudi imejaa maandishi yake pembeni, na nusu ya hoja zangu alikuwa amezipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba pasipo mpaka ulio wazi huwezi kulinganisha nchi na nchi, wala mwaka na mwaka. Hadi leo sijakubaliana naye moja kwa moja. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuchukua mawazo yangu kwa uzito namna ile, akayapinga sentensi kwa sentensi, na alama nzuri akanipa. Kwa hilo peke yake nasema masomo yale ni ya kiwango cha juu kabisa.

Kitu kingine ambacho watu wa kwetu wanaokwenda Uppsala hukipita bila kukijua ni maktaba ya taasisi ya utafiti wa Afrika ya nchi za Nordiki, iliyoanzishwa mwaka 1962 katika mji huohuo. Nilikuta humo ripoti na vitabu vya Tanzania ambavyo Dar ningevitafuta kwa kuzunguka ofisi hadi nichoke. Na kwa anayesomea amani ya Maziwa Makuu, kaburi la Dag Hammarskjöld liko palepale mjini: katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki mwaka 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, akiwa katika safari ya kutafuta suluhu ya Kongo. Nilikwenda, nikamwombea.

Nje ya darasa mambo ni mchanganyiko. Nilipanga Flogsta, kwenye maghorofa ya wanafunzi ambako kila mtu ana chumba chake na jiko ni la pamoja. Saa nne usiku watu hufungua madirisha na kupiga mayowe ya kujipunguzia presha ya masomo, desturi ya miaka mingi, kwa hiyo usishtuke. Kufua nguo ni kwa kuweka zamu. Majirani ni wastaarabu mno, ila unaweza kukaa nao muhula mzima msivuke salamu. Upweke ndio ulionitesa, na ulizidi Desemba, jua linapochomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Nilipata nafuu nilipojiunga na mojawapo ya vile vyama 13 vya wanafunzi wanavyoviita nationer. Chakula huko ni cha bei nafuu na wanaopika na kuhudumia ni wanafunzi wenyewe. Nilijitolea jikoni, na marafiki wote niliobaki nao niliwapata pale kwenye kumenya viazi. Vitamini D nayo kunywa, usibishe.

Lililonikera kweli ni benki. Sehemu nyingi hazipokei pesa taslimu, na bila namba ya utambulisho ya Uswidi huwezi kupata huduma nyingi. Benki moja ilinizungusha kwa wiki nyingi huku nikiwa na barua zote mkononi. Andaa kadi ya benki ya nyumbani inayofanya kazi nje, yenye akiba ya kutosha.

Kuhusu fedha: tangu mwaka 2011 wanafunzi wa nje ya Ulaya wanalipa ada, na ni kubwa. Mimi nilikwenda kwa ufadhili wa Swedish Institute, taasisi ya serikali ya Uswidi, ambao huangalia uzoefu wa kazi na uongozi, si alama pekee. Wanataka angalau saa 3,000 za kazi zinazothibitika, basi kama umejitolea mahali au umeajiriwa, omba barua zenye mihuri mapema. Maombi ya chuo hufungwa katikati ya Januari kupitia tovuti moja ya vyuo vyote vya Uswidi, ada ya maombi ni krona 900, na ufadhili huombwa baadaye kivyake. Koti zito usinunue Dar. Uppsala kuna maduka ya mitumba, na koti utakalopata huko limeshonwa kwa ajili ya baridi ile.