Nimesoma riwaya ya The Handmaid's Tale (Simulizi ya Mjakazi), na neno "mjakazi" halinitoki kichwani

Nakala yangu niliipata Dar es Salaam kwa muuza vitabu vya zamani, anayepanga bidhaa zake chini kando ya barabara. Shilingi 8,000, jalada limechakaa, herufi ndogo za kuumiza macho, na kurasa mbili za katikati zilichomoka siku ya kwanza. Tamthilia yake ya mwaka 2017 nilikuwa nimeiona vipande vipande kwenye simu, nikadhani hadithi naijua. Sikuijua. Kwenye kitabu unabaki na mwanamke mmoja anayesema na nafsi yake usiku, hana kalamu wala wa kumsikiliza, na bado anasimulia.

Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada, alianza kuiandika 1984 akiwa Berlin Magharibi, ukuta bado umesimama, na ikatoka 1985. Humo Marekani imepinduliwa na watu wanaojidai kumtumikia Mungu, katiba imesimamishwa, na nchi inaitwa Gilead. Uzazi umekuwa adimu kwa sababu ya sumu, mionzi na maradhi. Wanawake wachache wenye uwezo wa kuzaa wanakusanywa na kugawiwa kwa wakubwa, Makamanda, wawazalie watoto. Wanavishwa nguo nyekundu na kofia nyeupe yenye mbawa, ili wasiweze kutazama pembeni. Siku ya tendo lenyewe mke halali yupo palepale kitandani. Andiko wanalojikingia nalo ni Mwanzo 30, habari ya Raheli aliyempa mumewe mtumishi wake Bilha amzalie watoto.

Mwenzangu wa kazini alinifungulia Biblia yake ya Kiswahili nisome mwenyewe. Bilha anaitwa mjakazi. Nikakiweka kitabu chini siku ile.

Mimi ni mtu wa Unguja, na kwetu neno hilo halihitaji kufasiriwa. Amri ya 1897 iliyoufuta utumwa Unguja na Pemba haikuwagusa masuria, yaani wajakazi waliochukuliwa na bwana wamzalie. Walisubiri hadi 1909. Tofauti na Gilead ipo, wala sitaki kuifuta: mtoto wa suria alihesabiwa muungwana, alirithi, na alimjua mama yake. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Unguja, alizaliwa na suria, naye ameandika habari za mama huyo kwa mapenzi makubwa. Gilead mtoto ananyanyuliwa kifuani, na mama anahamishiwa nyumba nyingine. Hata hivyo, nilipofika pale msimulizi anapoeleza nguo zake nyekundu nilikumbuka kaniki, vazi la wajakazi wa pwani, ambalo wanawake waliopata uhuru wao walilitupa wakajifunga kanga zenye maneno.

Halafu lipo jina. Msimulizi anaitwa Offred. Msomaji wa Kiingereza anaweza kupita kurasa kadhaa kabla hajaona kilichofichwa humo, lakini mimi nimezaliwa na lugha ambayo "wa" inasema mali ni ya nani. Of Fred: wa Fred, yaani Kamanda wake. Siku akipelekwa kwa Kamanda mwingine, atakuwa wa huyo mwingine. Wapo watakaoniambia na sisi tunaitana Mama Juma, Mama Asha. Siyo sawa. Mama Juma ni heshima niliyoongezewa juu ya jina langu, na hakuna wa kulihamishia kwa mtu mwingine. Kuna ukurasa, mbele sana, ambapo Offred anakwenda kukutana na mwenzake Ofglen waende sokoni, anamkuta mwanamke asiyemjua, na mwanamke huyo anajibu kwamba Ofglen ndiye yeye. Nilisikia baridi mwilini.

Ukurasa ulioniumiza zaidi, lakini, hauna damu wala kelele. Ni asubuhi moja kabla mambo hayajakaza: Offred anakwenda kununua sigara, kadi yake ya benki inakataa. Mchana bosi anawafukuza kazi wanawake wote kwa pamoja, huku watu wenye bunduki wamesimama nje. Akaunti za wanawake zimefungwa, na fedha zao anaweza kuzishika mume au ndugu wa kiume. Mume wake, Luke, mtu mwema kabisa, anamwambia atamtunza. Usiku ule Offred anajiuliza kama moyoni mwa Luke jambo hili halimpendezi. Mimi nina duka dogo la vitambaa, na karibu fedha zangu zote ziko kwenye simu. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu.

Wanaowafunza wajakazi hawa ni wanawake wenzao, wanaoitwa Mashangazi. Kwetu mwari hufundwa na somo au kungwi, mtu mzima wa kuaminika anayemwambia yale ambayo mama yake anaona haya kuyatamka. Shangazi Lydia anaongea kwa sauti ya mtu wa namna hiyo, anayekutakia mema, na kiunoni amening'iniza fimbo ya umeme ya kuswagia ng'ombe. Sijawahi kusoma mhusika aliyenitisha kiasi hicho. Na Atwood ameeleza kwamba hakutia humo kitu ambacho binadamu hawajawahi kukitenda mahali fulani. Romania ya dikteta Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba 1966, na wanawake wakawa wanakaguliwa makazini.

Sasa lawama yangu. Kitabu hiki kimechota sana kwenye utumwa wa watu weusi wa Marekani: kunyimwa kusoma, kubandikwa jina la mwenye mali, njia ya siri ya kutorokea Kanada. Lakini watu weusi wenyewe wanaondolewa kwa sentensi chache za taarifa ya habari kwenye televisheni: wanaitwa wana wa Hamu, wanapelekwa North Dakota, basi. Hatumsikii hata mwanamke mmoja wao. Nilirudi nyuma kuhakikisha sijaruka ukurasa. Kwa mtu aliyetoka ninakotoka mimi, hilo ni pengo kubwa, na ndiyo sababu natoa nyota nne badala ya tano.

Kiingereza chake hakina maneno magumu, ila wakati unarukaruka, leo na jana zimechanganyika, kwa hiyo ukisoma kwenye daladala utapotea. Msiache sehemu ya mwisho kwa kuwa inaonekana kama nyongeza: ni mkutano wa wasomi wa mwaka 2195, wanaijadili simulizi ya mwanamke huyu iliyonaswa kwenye kanda, na wanahangaika zaidi kumtambua Kamanda kuliko kumtambua yeye. Jina lake halisi halitajwi kwa uhakika.

Kuna kubakwa humu, na kuna watu wanaotundikwa ukutani. Binti yangu yuko kidato cha tatu na ameshaniomba. Nimemwambia angoje amalize mtihani wa kidato cha nne, kisha tutaisoma pamoja, na zile kurasa mbili nimeshazigundisha.