Kliniki ya ngozi iliyoniuliza kazi yangu kwanza

Nauza samaki Mombasa mwaka wa 18 sasa, na nawapara mwenyewe. Mwezi wa pili mwiba wa tafi ulinidunga kidole cha kati. Hayo kwetu ni ya kila siku. Nikasuuza, nikaendelea na wateja. Baada ya wiki tatu hivi kikachomoza kivimbe cha zambarau, hakiumi sana, hakiivi. Kikafuata chengine kwenye fundo la kidole, kisha mgongoni mwa mkono, vimepanga mstari kama ushanga.

Zahanati mbili nilizopitia zilinipa dawa za jipu, siku saba saba. Ya pili hata mkono hawakuushika.

Hii ya tatu, kliniki ndogo ya ngozi hapa kisiwani, daktari hajaangalia kidole akauliza: “Mama, wafanya kazi gani?” Kusikia samaki, akavuta kiti karibu. Akanipiga ganzi, akakata kipande kidogo cha nyama ya kivimbe, na kwenye karatasi ya maabara akaandika kwa kalamu nyekundu kioteshwe, yaani vijidudu vyake vikuzwe, kwa joto la nyuzi 30 pia, si 37 pekee. Akanieleza kuna bakteria wa majini, Mycobacterium marinum, jamaa wa wale wa kifua kikuu, wasiopenda joto jingi. Ndiyo maana hukaa vidoleni na mikononi. Maabara isipoambiwa, huwatafuta kwa joto la mwili wasionekane. Wamejulikana tangu 1926, kwa samaki waliokufa matangini huko Philadelphia, Marekani. Binadamu huwapata kwa nadra. Na ugonjwa hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Hilo nililiuliza mara mbili, maana nina mjukuu namlisha kwa mkono huu.

Majibu yalichukua wiki tano, wakanipigia wenyewe. Nikaanzishwa dawa mbili, klarithromisini na ethambutoli. Kabla ya hiyo ya pili walinipima macho, nikataja rangi nyekundu na kijani, kwa kuwa yaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho. Nimemeza miezi minne. Kidole kimebaki na kovu tu, nakikunja vizuri.

Ila bei ya kipimo sikutajiwa mpaka nilipofika dirishani kulipa. Niliondoka nikaenda kukopa kwa jirani, nikarudi na jua la saa nane. Mtu wa soko aambiwe mapema, ajipange.

Siku hizi napara na glavu nene za mpira. Nimewanunulia na wasichana wawili wanaopara kando yangu. Mmoja ana kivimbe kwenye dole gumba, asema ni mwiba tu. Kesho asubuhi nampeleka.