Wakili niliyemtumia kudai hela ya milango, Mbeya mjini

Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa Mwanjelwa na Sido, na yeyote anayedai hela yake halali lakini anaogopa kupanda ngazi za ofisi ya wakili. Jina la ofisi sitaji, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia, na shauri lenyewe bado halijafungwa.

Kazi ilikuwa hivi. Bosi mmoja anajenga gesti Uyole, akanipa milango kumi ya paneli pamoja na fremu. Mbao zake mwenyewe, mninga uliotoka Chunya, mimi nalipwa ufundi tu: 1,800,000. Akatanguliza 600,000. Mbao zilishushwa karakana katikati ya mvua za Februari, ukipitisha randa vumbi halitoki, unatoka utepe mrefu unaonata. Nikamwambia, bosi, tuzipange kivulini na vijiti katikati, zipumue mpaka mvua ziishe. Akasema wageni wa Nanenane hawatamsubiri. Nikaandika kwenye daftari la kazi: "Mbao hazijakauka, mteja kasema tuendelee." Akasaini bila neno.

Milango ikafungwa Mei. Wageni wa Nanenane wakaja, wakalala, wakaondoka. Mimi 1,200,000 yangu siioni. Kila nikipiga simu: "Fundi, milango yako imekonda." Na kukonda ilikuwa imekonda kweli. Mbao mbichi ikikauka hupungua upana, urefu haupungui kitu cha kuonekana, na upepo wa Uyole wa mwezi wa saba haumwonei mtu haya. Paneli hazikupasuka hata moja kwa sababu niliziacha zicheze ndani ya mfereji bila gundi. Ila kwenye milango miwili, ukisimama chumbani taa ikiwaka koridoni, unauona mwanga wake ukipenya pembeni, kwenye mwimo.

Kwanza nilimpata jamaa anayeshinda jirani na mahakama na begi lake la mafaili. Alitaka 150,000 "ya kufungulia faili", risiti hana, na juu yake asilimia 30 ya kitakachopatikana. Nikamwomba majina yake kamili niyatafute kwenye e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama unaoonyesha wakili gani ana leseni hai. Akasema mfumo leo haufunguki. Kwenye simu yangu ulikuwa unafunguka vizuri tu. Vishoka wa namna hii mjini wamejaa, na suti wanavaa nzuri kuliko mawakili.

Huyu ninayemwandika jina lake lilikuwemo. Ushauri 30,000, barua ya madai 100,000, akaniandikia kwenye karatasi kabla sijaanza hata kueleza shida yangu. Akachukua daftari, akalisoma taratibu, kidole kikasimama kwenye saini ya bosi.

"Fundi, ulijua mbao ni mbichi?"

"Nilijua mheshimiwa, na nilimwambia."

"Basi tutaliandika sisi wenyewe. Tusimwachie yeye alitoe."

Na kweli akaliweka kwenye aya ya pili ya barua. Nikamweleza sina mkataba, tulipatana kwa mdomo. Akasema Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua hata makubaliano ya mdomo, shida huwa ni kuyathibitisha. Akaniambia nisifute meseji hata moja, za M-Pesa na zile za bosi kuniambia "vumilia fundi", kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo.

Tulipogombana ni kwenye fidia ya usumbufu. Nilitaka tuongeze 2,000,000. Akauliza nitauthibitisha na nini, kisha akaupiga kalamu nyekundu. Mpaka leo naona angeacha japo laki tatu. Nauli za Uyole na vocha nani kanirudishia?

Barua ilimpa bosi siku 14. Akaingiza 800,000 kwenye akaunti ya ofisi. Hapa ndipo mafundi wengi tunapoogopa, kwamba hela ikishapita kwa wakili utaambiwa bado haijaingia, au itakufikia imekatwa masikio. Wakili alinipigia yeye kabla mimi sijasikia lolote, nikaonyeshwa karatasi ya benki, nikapewa 800,000 yote bila kukatwa hata shilingi, maana ada yake nilishamlipa mwanzoni. Hilo peke yake lilinitosha kuandika haya.

Sasa lawama. Katibu muhtasi alinidai 15,000 ya uchapaji na kutoa nakala, ambayo kwenye ile karatasi ya bei haikuwemo. Risiti nilipewa baada ya kuiomba na kukaa kwenye benchi kama sijasikia kwamba nirudi kesho. Na simu: ukipiga mchana wakili yuko Mahakama Kuu, ukipiga jioni imezimwa. Mteja aliyelipa angalau atumiwe meseji.

400,000 iliyobaki bosi anasema anaikata kwa sababu ya ule mwanga. Nilikwenda na hela nyingine mkononi ili wakili aendelee, akaikataa. Akasema ada yake itameza ninachokidai, niende Mahakama ya Mwanzo mwenyewe, pale kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na ada ya kufungua ni ndogo. Akanishauri kwanza nimwandikie bosi kwamba niko tayari kuongeza vipande pembeni mwa ile milango miwili, yeye alete mninga mkavu. Nimemwandikia, hajajibu. Shauri nimelifungua.

Asiye na uwezo wa kulipa aulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yake kuhusu wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawatakiwi kukutoza.

Nampa nyota nne. Mkienda, ile karatasi ya bei iombeni iwe na uchapaji ndani yake, na daftari la kazi mbebe lenyewe, maana kusoma kwenye kioo cha simu hataki.