Mizani ya kupimia utando wa sileni kwenye silika: ipi inunuliwe na aliyeko Tabora

Mwezi wa Julai mwaka jana nilitoa fedha nyingi kununua mizani ya desimali nne, yaani inayosoma hadi gramu 0.0001, kwa ajili ya maabara yetu ndogo hapa Tabora, na kwa muda wa wiki tatu niliamini kwamba silika (unga laini wa madini yaleyale ya mchanga) niliyokuwa nikiipaka sileni, kemikali inayoshika juu ya chembe na kuzifanya zikatae maji, ilikuwa mbovu, kumbe ubovu ulikuwa kwenye mizani. Silika hiyo tunaitoa katika majivu ya pumba za mpunga kutoka Igunga na Nzega. Sampuli ileile ilionyesha upungufu wa uzito baada ya kuchomwa wa asilimia 3 asubuhi na asilimia 5 jioni, na mara nyingine tarakimu zilipanda polepole mbele ya macho yangu ilhali hakuna aliyegusa kitu.

Anayepima utando kwa mizani na tanuru hukausha unga kwa nyuzijoto 105, huupima, huuchoma kwa nyuzijoto 800 au zaidi ili sehemu ya kikaboni ya sileni iungue, kisha huupima tena. Baada ya hapo hutoa upungufu wa silika isiyopakwa, kwa sababu hata silika tupu hupoteza maji yanayotokana na vikundi vya haidroksili vilivyo juu ya uso wake. Tuchukue silika yenye eneo la meta za mraba 100 kwa kila gramu, iliyobeba molekuli 2 za sileni ya oktili katika kila nanometa ya mraba: sehemu inayoungua ni takriban miligramu 37 kwa gramu, yaani 74 kwa sampuli ya gramu 2. Mizani inayoyumba kwa miligramu 8 imekwisha kula zaidi ya sehemu ya kumi ya jibu.

Kinachoiyumbisha ni umemetuli, yaani chaji ya umeme inayotuama juu ya vitu vikavu, nao ndio kasoro ambayo sikuwahi kumsikia muuzaji akiitaja. Silika isiyopakwa huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huo huuondoa umeme kidogo kidogo. Silika iliyopakwa sileni huukataa unyevu, hivyo chaji inabaki juu ya chembe na kuvutana na kuta za kisanduku cha mizani. Maana yake ni kwamba kadiri utando ulivyo mzuri ndivyo mizani inavyodanganya zaidi, na katika kiangazi chetu, kuanzia Juni hadi Septemba, hewa kavu huongeza tatizo hilo. Mizani yangu ya kwanza ilikuwa na kisanduku cha plastiki badala ya kioo, na plastiki hiyo hujichaji kila inapofutwa kwa kitambaa. Nilikuwa nikiifuta kila asubuhi.

Kwa sababu hiyo naiweka Ohaus Pioneer ya desimali nne juu ya nyingine zote, wala sifichi kwamba naipenda. Kisanduku chake ni cha kioo kilichopakwa dawa ya kupunguza chaji, na mbele yake upo upau ambao mpimaji huugusa ili umeme wa mwili wake utoke kabla ya kufungua mlango. Tangu niipate, vipimo vitatu vya sampuli moja havipishani kwa zaidi ya miligramu 1. Chukua PX224/E, isiyo na jiwe la ndani la kujisawazisha, na fedha inayobaki ununulie aionaiza, kifaa cha kuondoa umemetuli.

Wauzaji watakusukuma ununue yenye jiwe la ndani kwa hoja ya mvutano wa dunia. Hoja yenyewe ni ya kweli: mizani iliyosawazishwa Göttingen, Ujerumani, ikiletwa Tabora karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa meta 1,200 hivi, husoma pungufu kwa takriban gramu 0.35 katika kila gramu 100. Lakini sisi tunatafuta asilimia ya upungufu, na kosa hilo limo kwa kiwango kilekile katika kipimo cha kabla na cha baada, kwa hiyo linajifuta lenyewe.

Nafasi ya pili nazipa Shimadzu na Sartorius, ambazo ni mizani thabiti sana, ila hakikisha kisanduku ni cha kioo na uulize bei ya aionaiza mapema. Ya tatu ni Kern ya desimali tatu: kwa unga laini kama huu wetu inatosha kabisa, lakini kwa mchanga wenye chembe za maikrometa 100 haitakusaidia, maana utando wa gramu 100 za mchanga huo hauzidi sana miligramu 1. Vimizani vya sonara vya desimali mbili viache.

Linaloniumiza ni namna tunavyouziwa sisi tulio mbali na Dar es Salaam. Bei haiandikwi, unaambiwa upige simu, na ukishasema uko Tabora inaongezwa ya usafirishaji, kisha mzigo unafika bila mtu wa kuufunga wala wa kuupokea ukirudishwa. Aliyeniuzia ile ya kwanza alinijibu kwamba tatizo ni mikono yangu. Sasa, kabla ya kulipa, namwomba muuzaji asugue kifuniko cha plastiki kwa kitambaa kikavu, akisogeze karibu na ukuta wa kisanduku huku milango ikiwa imefungwa, na anirekodie video ya tarakimu kwa dakika mbili. Akikataa, au tarakimu zikiyumba, sinunui.