Mnunuzi anayegeuka: avansi (pesa ya kutanguliza) au kulipia mlangoni?

Kwa anayeuza simu kupitia WhatsApp au Facebook mjini Lubumbashi, mteja akighairi dakika ya mwisho kinacholiwa ni pesa ya pikipiki: Kamalondo hadi Ruashi na kurudi, mzigo ungali mkononi.

Kulipia mlangoni huvuta wateja, maana wengi wamekwisha kutapeliwa. Tatizo, asiyetanguliza kitu hapotezi kitu. Na hata akitokea, dola iliyochanika pembeni kidogo tu huwa haipokelewi sokoni, basi mabishano yanaanzia barabarani. Njia hii iachiwe vitu vya bei ndogo, tena usafiri ulipwe kwanza.

Avansi huchuja wateja. Kwa simu ya dola 100, omba 10 kwa M-Pesa au Airtel Money. Picha ya ujumbe wa kutuma pesa si malipo, angalia salio lako mwenyewe. Kabla ya kupokea, andika: "Nakushikilia simu hadi kesho saa kumi jioni. Ukighairi, nakata usafiri, inayobaki nakurudishia." Bila maneno hayo, ugomvi hauepukiki. Ukidai nusu ya bei, hata mteja mzuri atakimbia. Saa ikipita, mpigie aliyeuliza wa pili.